Foklifti Iliyomkataa Duangjai

Prayong hakuzaliwa na umeme mikononi. Ujana wake wote aliumaliza chini ya malori ya dizeli, mgongo kwenye boksi lililofunguliwa na uso kwenye matone ya oili, na foklifti za umeme, mashine za kuinulia mizigo, zilipoanza kuingia viwanda vya kamba wa baharini hapa Mahachai alizinunia mwaka mzima. Mashine isiyonguruma, alisema, ni mgonjwa asiyesema anaumwa wapi. Mkewe Bualai akamjibu kwamba hata wanaosema yeye hawasikii, na hilo lilikuwa kweli nusu, maana sikio lake la kushoto lilikufa zamani kwa kelele za injini.

Lakini dizeli ilikuwa inaaga na tumbo lilikuwa palepale, basi akajifunza. Akajifunza kwamba foklifti ya umeme haikubali tu kuendeshwa na yeyote. Ukigeuza ufunguo, kwanza inajikagua: dereva yuko kitini? Gia iko frii? Pedali imeachiwa? Ikikuta jambo moja haliko sawa inagoma, inalia mlio mdogo wa kuudhi, na kwenye kioo chake inaandika namba ya kosa. Hapo ndipo mzee alipoipenda. Lori la dizeli likigoma limechoka, alikuwa akiwaambia watu, lakini hii inagoma kwa sababu ina akili. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno makali, aliongeza kwamba hilo ni zaidi ya anavyoweza kusema kuhusu wenye viwanda wengi.

Asubuhi ile alikuwa hajamaliza wali wake wa kuku na rihani pale sokoni simu ilipoita. Alikuwa Thanet, msimamizi wa ghala la baridi la kiwanda kimoja cha kamba wa kugandishwa.

"Mjomba Prayong, njoo. Imegoma tena."

"Imemgomea nani?"

"Na wewe unauliza?"

Prayong alikata simu. Alifunga wali kwenye mfuko, akachukua kisanduku cha zana, akapanda pikipiki yake.

Foklifti ile ilikuwa imemsumbua kuliko ndoa za wanawe wote. Namba ya kosa ilikuwa ileile kila siku, na maana yake anaijua hata akiwa usingizini: wakati wa kuwashwa, pedali ya mwendo haikuwa imeachiwa. Madereva wote bado wanaiita pedali ya mafuta, ingawa mashine yenyewe haijawahi kuonja hata tone. Alipoitwa mara ya kwanza aliisafisha pedali na kuipima. Akaitwa tena, akaweka pedali mpya. Akaitwa tena, akabadilisha waya zote zinazotoka kwenye pedali kwenda kwenye ubongo wa mashine. Na bado iligoma. Jambo la kukera ni kwamba haikumgomea kila mtu. Ilimgomea dereva mmoja tu, mwanamke aliyeitwa Duangjai.

Duangjai alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye meza ya kumenya kamba. Anayeijua meza ile anajua inavyofanya vidole. Maji ya vichwa vya kamba hula ngozi polepole, glovu ikitoboka hujui mpaka usiku, na kucha zinaondoka zenyewe bila kuaga. Alipopata nafasi ya kujifunza foklifti aliishika kwa mikono yote miwili, na mikono ile ikaanza kupona. Kucha zilikuwa zimerudi, ndogo na laini za kitoto. Aliogopa kurudi mezani kuliko alivyoogopa njaa, na hakuficha.

Prayong alimkuta amesimama kando ya mashine, mikono kwapani kwa baridi. Thanet alikuwa anatembea huku na huku na simu. Dereva mwingine, Kriang, kijana wa kiuno chepesi na mdomo mwepesi zaidi, alikuwa ameketi juu ya kreti anakunywa chai ya barafu.

"Mjomba, usijisumbue," Kriang alisema. "Ugonjwa tunaujua. Bibi hamtaki."

Bibi ni Mae Ya Nang, roho mlinzi anayekaa ndani ya kila chombo cha kubebea watu na mizigo, na kila mtu hapa anamjua. Mashua zinamfungia utepe, madereva wa malori wanamwekea soda nyekundu na mrija wake, na kwenye foklifti ile Duangjai alikuwa amemfungia shada la yasmini kwenye nguzo ya paa. Thanet alikuwa amelikata wiki iliyopita, akidhani ndilo linalogusa kitu. Mashine iliendelea kugoma, na sasa watu walikuwa wanasema Bibi ametukanwa juu ya kukerwa.

"Hamtaki kwa nini?" Prayong aliuliza, akifungua kisanduku.

"Si mwanamke mwenzake? Mafahali wawili hawakai zizi moja, na wake wenza hawapikii jiko moja. Mimi nikipanda ananipokea hata salamu sijampa."

"Wewe anakuonea huruma, Kriang. Ameona huna kingine unachokiweza."

Wapakizi wawili watatu wakacheka, lakini Duangjai hakucheka, wala Thanet.

"Mjomba, nisikilize," Thanet alisema, akaweka simu mfukoni. "Lori la kontena limeshatoka bandarini. Foklifti nyingine betri yake imekufa, hii ndiyo niliyonayo. Lori likifika hapa na mashine bado inachagua dereva, Kriang anapanda na Duangjai anarudi mezani. Na si leo tu. Nimechoka."

Duangjai aliangalia chini. Prayong akaona anavyovikunja vidole vyake ndani ya ngumi, akakasirika, ila hakujua amkasirikie nani, basi akaikasirikia mashine.

Akaanza upya kabisa, kana kwamba hajawahi kuiona. Alikagua betri na vichwa vyake, akakagua fyuzi, akabonyeza kiti na kusikiliza kwa sikio lake zima swichi ya chini yake ikilia. Akapiga magoti, akachomeka sindano za mita kwenye waya za pedali. Pedali ikiwa imeachiwa umeme ulikuwa pale unapotakiwa kuwa. Aliibonyeza polepole, umeme ukapanda polepole. Akaiachia, ukashuka na kutulia. Akazitikisa waya, akazivuta, akazipiga kwa mpini wa bisibisi, na mita haikutingishika.

"Kriang, panda uwashe."

Kriang akapanda na chai yake mkononi, akageuza ufunguo. Ikawaka.

"Si nilisema," akasema.

"Shuka. Duangjai, binti yangu, panda wewe."

Duangjai akapanda. Kila mtu ghalani aliacha alichokuwa anafanya. Akaketi, akavuta pumzi, akageuza ufunguo.

Ikawaka.

Ungedhani watu wangefurahi. Kriang alipiga kofi pajani kwa kicheko, na Thanet akageuka polepole, uso umembadilika.

"Kwa hiyo inawaka," alisema. "Fundi akiwepo inawaka. Tukiwa tumesimama hapa inawaka. Duangjai, wewe unatufanyia makusudi?"

"Bosi! Nifanye makusudi ili nirudi mezani?" Alinyoosha mikono yake mbele, sauti imepanda. "Angalia vidole hivi! Angalia!"

"Basi ni Bibi," Kriang akasema.

Ndivyo Duangjai alivyobaki katikati ya mabaya mawili, ama mwongo ama mwenye mkosi, na hakuna aliyempa la tatu. Mimi nasema hivi: kitu kisipojulikana, watu humtafuta aliye dhaifu wakamvisha yeye.

Simu ya Thanet ikaita. Alisikiliza, akafunika kipaza sauti kwa kiganja. "Lori limevuka daraja. Mjomba, una kile kidude chako?"

Kidude alichokisema kilikuwa kifaa cha mkononi kinachoongea na ubongo wa mashine. Ukikichomeka unaweza kuiambia mashine mambo mengi. Unaweza pia kuiambia iache kabisa kuuliza habari za pedali wakati wa kuwashwa, na haitauliza tena maisha yake yote.

"Ninacho," Prayong alisema.

"Izime hiyo kinga yake, tumalize. Itawaka kwa kila mtu."

"Nimesema ninacho. Sijasema nitaizima."

"Kwani kuna ubaya gani? Pedali ni mpya, umeiweka mwenyewe. Waya mpya. Umepima hapa mbele yetu, iko sawa. Kompyuta imekuwa na wazimu tu."

Prayong alikichomeka kile kifaa. Alijiambia anataka kusoma tu, na kweli alisoma, lakini kidole chake kilishuka mpaka kwenye mstari wa kuzima ile kinga na kikakaa pale. Thanet hakusema uongo. Kila alichopima kilikuwa sawa. Kubonyeza mara moja, na yule mwanamke angebaki na kucha zake.

"Mjomba, izime," Duangjai akamwambia kwa sauti ndogo, akiinama kutoka kitini. "Nakuomba. Mimi ndiye ninayeendesha, nitakuwa mwangalifu. Izime tu."

Hapo ndipo mzee alipoteseka. Mtu mwenyewe ndiye anayeomba, machozi yako karibu, lori liko njiani, na dawa iko mkononi. Alikisogeza kidole, akakirudisha. Ile mashine ilikuwa imeona kitu. Imekiona mara nyingi, na kila mara ikasema kitu kilekile bila kubadilisha neno. Mwongo hubadilisha maneno.

"Hapana," alisema, akachomoa kifaa. "Nyoka akiingia chini ya kitanda huzimi taa ili usimwone. Mashine imeona kitu na mimi sijakiona. Mpaka nikione."

"Lori likifika..."

"Lori halijafika! Nyamaza kidogo, bosi, nifikiri!"

Thanet akanyamaza, kwa mshangao zaidi kuliko utii. Prayong alimgeukia Duangjai.

"Inapogoma, nani anakuwa karibu?"

"Hakuna mtu, Mjomba. Nakuja mapema, wao wakiwa bado wanavaa."

"Na ukija unafanya nini?"

"Napanda. Nawasha."

"Kabla ya kuwasha?"

Alimtupia Kriang jicho, akaangalia pembeni. "Namsalimia Bibi."

"Leo mbele yetu umemsalimia?"

"Sijamsalimia. Wananicheka."

Prayong akafunga kisanduku cha zana. Hakujua bado ni nini, lakini alijua ni humo. Alichopima asubuhi nzima ni mashine ya Kriang. Ya Duangjai hakuwahi kuiona hata siku moja.

"Tokeni," akasema. "Wote. Nyuma ya pazia."

"Mjomba, huko ndani ni baridi ya kuua!" Kriang alilalamika.

"Ndiyo vizuri, mdomo wako utapoa. Tokeni! Na wewe bosi."

Wakaingia nyuma ya mapazia ya plastiki ya chumba cha baridi, wakinung'unika. Prayong akamwambia Duangjai azime, ashuke, aanze kama anavyoanza kila siku, asiruke kitu, asimjali. Yeye mwenyewe alikwenda nyuma ya rundo la mapaleti ya mbao, akageuza sikio lake zima upande wa mashine.

Kisha akasikia kiti kikilalama, mpira ukisuguana na kitu, na baadaye sauti ya Duangjai, ya chini sana, ya mtu anayeongea na mama yake jikoni.

"Bibi, ni mimi. Shada wamelikata, si mimi niliyelikata. Leo sina kitu cha kukupa. Kama nimekukosea niambie kwa ndoto, lakini usinirudishe mezani. Nakuomba Bibi. Usinirudishe."

Prayong aliona aibu kusikiliza. Akatamani lile sikio zima nalo life. Ufunguo ukalia. Na mara ule mlio mdogo wa kuudhi ukafuata.

"Eeh, Bibi jamani," Duangjai akasema, na mpira ukaanza tena kusuguana.

"Usishuke!" Prayong alitoka mbio, mguu mmoja ukigonga paleti. "Usiguse! Usitingishe hata kidole!"

Duangjai alibaki vilevile, ameinama, mkono hewani. Alikuwa ameikunja miguu nyuma chini ya kiti, haina viatu, ndani ya soksi za picha za paka zilizotoboka kwenye vidole. Mbele yake, kwenye sakafu ya mashine, yalikuwepo mabuti yake meupe ya mpira, yaleyale yanayovaliwa na kila mtu kiwandani. Moja lilikuwa limesimama. La pili shingo yake ndefu ilikuwa imelegea, imelala juu ya pedali. Haikuwa imelala sana. Pedali ilikuwa imeshuka kiasi cha unene wa kidole, na mashine iliona.

Prayong alishika nguzo ya paa.

"Umevua kwa nini?"

"Sakafu ya Bibi, Mjomba," alisema, uso umemwiva. "Mabuti yametoka kwenye maji ya vichwa vya kamba. Nimkanyage nayo mapajani?"

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Mwanzo nilikuwa navua siku moja moja. Ilipoanza kunikataa nikawa navua kila siku."

"Na ikigoma?"

"Navaa. Nashuka kuwaita. Chini kuna maji."

Basi kila mara alikuwa anashuka na ugonjwa mguuni, na fundi anakuja kumpima mgonjwa aliyepona. Prayong angecheka kama asingeinua macho. Mbele kabisa ya uma za foklifti, hatua chache tu, ilikuwa meza ya mizani, na wanawake wanne aliosahau kuwatoa wameinama juu yake wanapima kamba na kubishana juu ya harusi ya mtu. Kama angeizima ile kinga, mashine ingewaka bila swali. Duangjai angeweka gia, na buti lingefanya lililobaki.

"Mjomba," Duangjai alisema polepole, akiangalia lile buti. Alikuwa ameelewa. "Kumbe nilivyozidi kumheshimu..." Hakumaliza, akafunika uso.

Nje, honi ya lori ikalia.

Thanet alitoka nyuma ya pazia kwa mwendo wa haraka, Kriang na wapakizi nyuma yake wakijisugua mikono. Waliona kilichokuwepo. Kriang ndiye aliyeelewa kwanza.

"Mabuti!" akapiga kelele. "Kikulacho ki nguoni mwako, dada Duang! Bibi wa watu amesingiziwa bure!"

Kicheko kikalipuka. Thanet alipumua kwa nguvu, nusu hasira na nusu nafuu.

"Sawa. Tumejua. Duangjai, vaa mabuti yako, uendeshe kama wenzako. Kuanzia leo anayetaka kiti hicho anapanda na viatu. Asiyetaka, meza ipo."

Duangjai alichukua buti moja. Aliligeuza, likadondosha maji yake ya kijivu kwenye ile sakafu ambayo, Prayong aliona sasa, ilikuwa imepanguswa mpaka inang'aa. Akaliweka mapajani.

"Basi bosi nirudishe mezani," alisema. "Siwezi kumkanyaga nayo. Nirudishe."

Kicheko kikaisha, maana hapakuwa na mtu pale asiyejua meza ni nini.

Prayong akasogea kitini. Alinyoosha mikono, akalitoa lile buti mapajani mwake, akalichukua na lile lililobaki kwenye pedali. Duangjai alishtuka kuliko aliposikia lori.

"Mjomba, hapana! Viatu vyangu! Unanitia dhambi!"

Mtu wa umri wa Prayong hashiki viatu vya mtu wa umri wa binti yake. Hata mzazi hamfanyii mwanawe mkubwa. Na yeye hakuvishika kwa ncha za vidole. Aliyakumbatia yote mawili kifuani, maji ya kamba yakamchuruzika kwenye shati mpaka mkanda, akatembea nayo mbele ya wapakizi wote mpaka ukutani, akayasimamisha pale, moja kando ya lingine.

"Yatakaa hapa," alisema. "Kesho ataleta viatu safi vya humo ndani tu, visivyogusa chini, na sheria yako itatimia, bosi. Leo ataendesha polepole na soksi zake. Mashine hii haikumkataa. Imekataa kuwaua wale pale mezani, na mimi na wewe tulikuwa karibu kuiziba mdomo."

Thanet aliangalia meza ya mizani, kisha shati la mzee. Lori likapiga honi tena.

"Haya," akasema.

"Duangjai," Prayong akaita kutoka ukutani. "Washa."

Hakuwasha mara moja. Kwanza alijifuta macho kwa mkono wa koti. Kisha akaunganisha viganja, akaviinua mpaka kwenye paji la uso, akainama, mbele ya wanaume wote wale, wala hakuharakisha. Ndipo alipogeuza ufunguo, na mashine ikawaka.

Akainua uma, akageuza usukani kuelekea mlango wa lori. Kriang alikuwa bado amesimama katikati ya njia na chai yake.

"Pisha, kaka," Duangjai alimwambia.

Kriang akapisha.